Mafunzo Niliyohudhuria Bila Kwenda

Mkuu wa chuo alisimama upande wa miguu ya kitanda changu, hospitalini Mahajanga, akasoma karatasi kwa Kifaransa. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji nene, na chini ya bandeji vidole vitatu havikuwepo tena, cha nne kilikuwa nusu. Kilichosalia kizima ni kidole gumba peke yake. Kando ya mkuu alisimama msimamizi wa karakana yetu, Mkomoro mwenzangu, mzee niliyemheshimu kama baba, kofia yake ya kushonwa kwa mkono imekaa sawasawa kichwani. Yeye ndiye aliyenigeuzia maneno kwa lugha yetu.

"Anasema uliondoa kinga ya mashine mwenyewe."

"Sikuondoa kitu, mzee."

"Anasema wewe ulifundishwa. Miezi mitatu kule mji mkuu, kwa fedha za serikali. Cheti hiki hapa, kina jina lako."

Mkuu akanisogezea ile karatasi. Kusoma Kifaransa kwangu ni kwa shida, lakini jina langu nalijua. Lilikuwa langu kweli, na la baba yangu, na mahali nilipozaliwa, Ambanoro, Nosy Be, yote yamepigwa chapa, na muhuri wa buluu chini yake. Mji mkuu wa Madagaska sijaukanyaga mpaka leo.

Nikamtazama mzee. Mzee akatazama sakafu. Nikajua kwamba analijua jambo hili.

Ulimi haukukatwa. Ningeweza kumwambia yule Mfaransa, hata kwa maneno yangu machache ya sokoni, kwamba si mimi. Sikusema. Mzee alikuwepo, na mahali alipo mzee mimi nilizoea kutokuwa na neno. Niligeuza uso ukutani, na mkuu wa chuo akaona mtu aliyekubali kosa lake. Alikunja cheti, akasema jambo fupi, wakaondoka wote wawili. Mashine ilikuwa imenikata siku tisa kabla. Watu hudhani siku ile ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Hapana. Mbaya ni hii ya kunyamaza.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo marehemu baba aliandikia barua zake za biashara, na ndiyo niliyofundishwa kuiandika. Sisi wenyewe tulisemezana Kikomoro, na mjini Kimalagasi. Shule ya Wafaransa nilikaa miaka miwili, nikatolewa kwenda kumshikia baba mbao. Kwa hiyo atakayekuta makosa humu anisamehe. Majina ya watu siyaandiki, maana wana watoto. Lakini kazi zao nitazitaja, na mtaa mzima utawajua.

Asiyekuwa wa kwetu lazima kwanza aelewe jambo moja. Sisi watu wa asili ya Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, tuna harusi kubwa. Mtu anaweza kuoa, kuzaa, kuota mvi, na bado akaitwa mwana wa mji, mpaka siku atakapoifanya ile harusi ya kuchinja ng'ombe na kuvisha dhahabu na kulisha kila ukoo. Akishaifanya ndipo anaitwa mtu mzima. Watu wazima huketi mbele msikitini, na kwenye kikao husema wao. Sisi wengine tunabeba sinia, tunasikiliza. Na mwana wa mji akiulizwa jambo na mgeni mbele ya mtu mzima, hujibu mtu mzima. Hakuna aliyenifundisha kwa fimbo. Niliinyonya na maziwa.

Kosa langu ni kwamba niliichukua ada hiyo nikaingia nayo langoni mwa chuo cha serikali.

Niliingia chuoni miaka ile uhuru ulipokuwa mpya, bendera bado inang'aa rangi. Walihitaji mafundi wa kufundisha useremala, na Wafaransa wengi wa karakana walikuwa wamefunga masanduku yao. Msimamizi wa karakana, huyo mzee, alikuwa ameshafanya harusi yake kubwa zamani. Aliwahi kuuona mlango niliouchonga Hell-Ville, mji wa kwetu Nosy Be, akaniandikia nije. Nikamwacha mke wangu Ambanoro, kwenye nyumba ya mama yake, kwa maana kwetu nyumba ni ya mwanamke, nikapanda meli ya pwani kuja Mahajanga. Nikapanga chumba mtaa wa Tsaramandroso. Kitanda, jiko la mkaa, sufuria moja. Mwenye sufuria moja hupika wali, akila hutia maji kwenye ukoko yachemke, ndiyo kinywaji chake. Nilikunywa maji hayo ya ukoko peke yangu miaka mitano.

Lakini kazini nilikuwa mtu. Wanafunzi waliniita mwalimu. Mimi, mtoto wa madarasa mawili! Nilipofika asubuhi nilikuwa napitisha kiganja kwenye meza zote za kazi kabla hawajaingia, kama mtu anayesalimia.

Siku moja mkuu wa chuo wa kwanza, mnene mmoja mcheshi aliyekuwa akitokwa jasho mpaka kwenye tai, alituita ofisini. Wizara imetoa fedha, akasema, mzee akinigeuzia, za kuwaendeleza walimu wa ufundi. Wakati wa likizo ndefu kutakuwa na mafunzo mji mkuu, ya mashine mpya za mbao. Nauli, chakula, kitanda, posho, yote yamelipwa. Nafasi ni kwa walimu wa chuo tu. Akaninyooshea kidole mimi. Akauliza kitu.

Nilielewa kwamba ananiuliza kama nataka. Moyo ulinipiga. Nilitaka! Nilikuwa nimeziona mashine hizo kwenye picha tu, na nilijua kwamba anayerudi na cheti hupandishwa, na anayepandishwa huweza kuanza kujiandaa kwa harusi kubwa. Lakini mzee alikuwa ameketi pale. Nikamtazama yeye, kama ilivyo heshima.

Mzee akajibu. Akajibu kwa urefu, kwa Kifaransa chake kizuri cha jeshini, mkuu akacheka, akaandika.

Tulipotoka nikamuuliza, "Umesemaje, mzee?"

"Nimesema wewe ni kijana mzuri, una haya. Wameandika jina lako. Barua ikija itapitia kwangu."

"Nitakwenda?"

"Mwanangu, mimi nipo. Wewe utajisumbua na karatasi za nini?"

Nikamshukuru. Mikono miwili nilimshika.

Wiki mbili kabla ya likizo akaniambia mafunzo yamefutwa. Fedha zimeliwa huko juu, akasema, serikali mpya, unajua tena. Nikaamini, na nani asingeamini? Nikapanda meli kwenda Nosy Be, nikakaa miezi yote ile nikirekebisha paa la jiko la mama mkwe na kuchonga vitanda vya watu. Mke wangu alicheka.

"Ulisema likizo hii unakwenda kusoma na wakubwa."

"Wamefuta."

"Nani kakuambia?"

"Mzee."

"Na wewe ulimuuliza nani mwingine?"

"Nimuulize nani, mwanamke? Mzee keshasema."

Akaendelea kuchambua mchele. Ninamwona mpaka leo alivyonitupia jicho, mara moja tu, kisha akarudi kwenye ungo wake.

Niliporudi Mahajanga nilikuta mkuu mpya. Yule mnene amekwenda kwao. Huyu alikuwa mwembamba, mkimya, mtu wa majalada. Siku ya kwanza alituweka mstari walimu wote, akapita akishika mikono. Alipofika kwangu alitabasamu, akasema maneno mengi, nikasikia jina la mji mkuu ndani yake. Kabla sijafungua mdomo mzee aliyekuwa kando yangu akajibu kwa niaba yangu. Mkuu akanitikisa mkono mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Nilidhani ananikaribisha. Kumbe ananipongeza.

Mwezi uliofuata ililetwa mashine, kwenye sanduku kubwa la mbao, msaada kutoka ng'ambo. Mashine ya kuranda. Meza mbili za chuma zimelala sambamba, na katikati yake mwanya, na ndani ya mwanya pipa lenye visu linalozunguka upesi mpaka huoni visu, unaona kama maji tu. Mkuu akaninyooshea kidole mimi. Mzee akanigeuzia: "Amekukabidhi wewe."

Nilivimba kichwa, nitasema uwongo? Karakana nzima, na aliyekabidhiwa ni mimi! Jioni ile nilimwambia mzee, "Lakini sijafundishwa."

"Mbao ni mbao. Babako alikuwa na cheti gani?"

Basi nikajifundisha. Kulikuwa na kitabu cha Kifaransa chenye michoro, nikafuata michoro. Ndani ya sanduku, chini ya majani makavu, mlikuwa na kipande cha chuma chepesi, kimekunjwa, kina bawaba. Nilikigeuza huku na huku. Nikaona hakiingii kokote. Nikasema labda ni kifuniko cha safarini, cha kuzuia visu visiguswe na wapakiaji. Nikakiweka juu ya dirisha, tukawa tunatilia misumari. Miezi minane nimefundisha kwa mashine ile, na misumari ndani ya kile chuma, na wanafunzi wangu nikiwaambia wasogeze ubao kwa kiganja, hivi, taratibu. Nikikumbuka kwamba viganja vyao vilipita pale pale, hukaa kitako popote nilipo.

Siku yenyewe sina mengi. Kipande kifupi cha mbao ngumu nyekundu, chenye fundo. Wanafunzi walikuwa wameshatoka kwenda kula. Kisu kilikamata fundo, ubao ukaruka, na mkono uliokuwa ukiusukuma ukabaki kusukuma pale ubao haupo. Sikusikia maumivu. Nilisikia sauti ya mashine ikibadilika kidogo, kama inapoonja mbao laini. Halafu nikatazama.

Aliyenipeleka hospitali ni mvuta kigari cha abiria aliyekuwa akipita barabarani. Hakukubali nauli, na wala sikumjua. Siku tisa baadaye ndipo walipokuja wale wawili na cheti.

Barua ya kunifukuza ilinikuta bado nimelazwa. Kwa kuwa nilikuwa na mafunzo, ilisema, na nimeondoa kinga kwa uzembe, sina haki ya kulipwa fidia ya kiungo. Alinisomea muuguzi, Msakalava mmoja mwenye sauti nzito. Alipomaliza akauliza, "Kinga ni nini?" Nikamwambia sijui. Akadhani namfanyia mzaha.

Mke wangu alikuja. Alikaa na mimi chumbani Tsaramandroso siku arobaini, akinilisha, akinifunga vifungo vya shati. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alipokuwa anasoma, wewe ulikuwa umelala? Ulikuwa umezimia?"

"Nilikuwa macho."

"Na mdomo?"

"Mzee alikuwepo."

"Mume wangu, mkono nitakuvumilia. Hilo la mdomo silijui nitalifanyaje."

Alipanda meli peke yake. Hatukuachana, hatukuwahi kutamka. Nikienda Ambanoro ananipikia, ananitandikia barazani, ananiita kama wanavyoitwa wageni. Nimekuwa mgeni wake kwa miaka. Mjini nako, waliokuwa wakiniita mwalimu walianza kuvuka barabara. Si kwa ubaya. Mtu hajui amshike mkono gani. Nilijifunza kushika kijiko kwa kushoto, mkono ambao kwetu haushiki chakula, na kwa ajili hiyo nikaacha kwenda shughulini. Harusi za watu nilizisikia kwa ngoma tu, kutoka kitandani kwangu.

Wizara ilikuwa mbali, na barua zote za chuo kwenda huko zilipitia mikono ile ile. Nilipeleka mbili, nilizoandikiwa na mwandishi wa sokoni. Hakuna aliyejibu.

Sikuwa najua ni nani aliyekwenda badala yangu. Nilidhani labda hakuna mtu, labda fedha zililiwa na cheti kikapigwa muhuri hivi hivi. Mpaka siku niliyokwenda kuomba kazi ya kufagia kwenye karakana mpya iliyofunguliwa upande wa bandarini. Ilikuwa ya mkwe wa mzee, mume wa binti yake mkubwa. Nilimfahamu alipokuwa akiuza vitambaa. Nikamkuta amevaa ovaroli, na nyuma yake mashine ya kuranda, mfano wa ile yangu. Na juu ya visu kile chuma. Chuma kama kile changu cha misumari, kimefungwa kwa bawaba yake, kinapanda na kushuka.

"Kaka," nikamwambia, "kile ni kitu gani?"

Alikuwa mtu mwema siku ile, nilimkuta na furaha ya duka jipya. Akaniita karibu. "Hii ndiyo kinga. Tazama. Ubao unapita chini, yenyewe inainuka. Ubao ukiisha, inashuka, inafunika visu. Mkono hauwezi kuingia. Na kipande kifupi usikisukume kwa mkono hata siku moja. Kuna kigongo hiki chenye mpini. Siku ya kwanza kabisa walitufundisha hilo, kabla hata ya kuwasha."

Alieleza vizuri. Alieleza kuliko mimi nilivyowahi kueleza kitu kwa wanafunzi wangu. Nilisikiliza neno kwa neno, kama mwanafunzi, nikatikisa kichwa.

"Walikufundisheni wapi, kaka?"

"Mji..."

Macho yake yakashuka mpaka kwenye mkono wangu. Aliizima mashine, ikachukua muda mrefu kusimama, ikivuma na kupungua.

"Kazi ya kufagia hatuna," akasema.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mzee. Safari hii nilisema. Nilimkuta anakunywa chai, nikasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Mzee, mkweo alikwenda mafunzoni kwa jina langu."

Hakukana. Hilo nampa. Aliweka kikombe chini.

"Fedha zile zilikuwa za walimu tu, na yeye si mwalimu. Wewe ungefanya nini kule na Kifaransa chako cha kununulia samaki? Wangekucheka. Nilikuepusha na aibu. Na yeye alikuwa na mke wa kulisha, binti yangu."

"Na mimi nilikuwa na nini?"

"Wewe ulikuwa na kazi, niliyokupa mimi. Ningejua kwamba wataleta mashine? Mungu ni shahidi, sikujua."

"Iliposhushwa uliiona. Miezi minane uliiona. Nilikwambia sijafundishwa."

"Punguza sauti, wewe. Unasema na nani? Umefanya harusi gani wewe?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikapunguza sauti. Nikatoka. Nilifika kwenye kona ndipo hasira ikarudi, na kwenye kona hapakuwa na mtu.

Sasa nina umri ambao wenzangu wanaketi mbele. Mimi naketi safu ya nyuma karibu na viatu, na mzee yuko mbele kulia kwa imamu, mzima wa afya, anasikilizwa. Kwenye kikao cha mji sina ruhusa ya kusimama. Ndiyo maana nimeandika, kwa mkono wa kushoto, na imenichukua misimu miwili ya mvua kuandika. Karatasi haina safu ya mbele na ya nyuma.

Kwako mkuu wa chuo, popote ulipo huko kwenu. Ulinishika mkono ule wa kulia mara mbili, ukinipongeza. Hukuniuliza swali moja la kazi ambalo aliyefundishwa angelijibu. Mbona hukuuliza? Ulitaka jalada likamilike, si ndiyo?

Kwako mkwe. Karakana yako ina mashine tatu sasa. Ujuzi ule ulitolewa kwa jina langu, na wewe unajua kuusomesha, nimekusikia. Mafundi wa mji huu wanakatwa vidole kila mwaka kwa kukosa maneno yale uliyoniambia kwa dakika chache. Kwa nini umeyafungia dukani kwako?

Na kwako mzee. Sidai vidole, huna pa kuvitoa. Nadai Ijumaa moja. Baada ya sala, watu hawajavaa viatu, simama pale mbele unapokaa, useme kwa mdomo wako: huyu hakwenda mafunzoni, nilimpeleka mkwe wangu, huyu hakuondoa kinga, hakuwahi kuijua. Maneno hayo tu. Wewe ndiye mwenye ruhusa ya kusema, na ulisema kwa niaba yangu mara zote nilizotaka kujisemea. Nisemee na hili. Au uniambie, mbele ya watu wote, kwa nini hutaki.